"Mungu Amekufa": Sentensi Inayotugombanisha na Mahali Ilikotoka

Kuna sentensi ya maneno mawili ambayo kila baada ya muda huibuka upya katika makundi ya WhatsApp ya sharika na parokia zetu, kuanzia Usa River hadi Rombo: "Mungu amekufa." Mara nyingi huletwa na kijana aliye chuoni, ikiwa imebandikwa juu ya picha ya mzungu mwenye masharubu mazito, na ugomvi huanza hapohapo. Upande mmoja unakemea na kuliombea kundi lifunikwe kwa damu ya Yesu. Upande mwingine unashangilia kwamba hatimaye msomi amesema ukweli na kanisa limeishiwa hoja. Kisha anatokea mtu wa tatu anayejua kidogo zaidi, anaongeza kwamba wapo wanateolojia, baadhi yao wachungaji waliobarikiwa, walioichukua sentensi hiyo wakaiandikia vitabu. Hapo pande zote mbili hubaki zimeduwaa. Mwanateolojia anawezaje kusema Mungu amekufa, halafu Jumapili akaenda ibadani?

Swali ni la haki. Nitajaribu kulijibu polepole, maana jibu lina historia ya zaidi ya miaka 200.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Ninaposema falsafa ya kisasa nazungumzia mapokeo ya kufikiri yaliyoanza Ulaya katika karne ya 17, yaliyotaka kila dai, liwe la mfalme au la kanisa, lipite mbele ya akili na kuulizwa limesimama juu ya nini. Teolojia ni kazi ya kufikiri kwa mpangilio juu ya Mungu na imani. Teolojia radikali ni tawi la teolojia lililoyapokea maswali ya falsafa hiyo yote, bila kujenga uzio mahali na kusema "hapa msihoji," kisha likauliza: baada ya kuhojiwa kote huko, ni nini katika imani ya Kikristo ambacho bado mtu anaweza kukisema bila kujidanganya? Mabomu na itikadi kali zinazotajwa kwenye taarifa za habari hazimo. Wala si teolojia ya ukombozi, ingawa wengi huchanganya. Gustavo Gutiérrez wa Peru, baba wa teolojia ya ukombozi, alieleza tofauti hiyo vizuri: wanateolojia wa nchi tajiri wanahangaika na mtu asiyeamini, yeye anahangaika na mtu ambaye jamii imemfanya si mtu, yaani namna ya kumwambia maskini kwamba Mungu anampenda.

Naamini ugomvi wetu mwingi unatokana na kutouliza swali moja dogo: Mungu yupi? Karibu katika vitabu vyote hivi, kinachotangazwa kufa ni namna fulani ya kumwaza Mungu na kumtumia. Nimesema karibu, kwa sababu yupo mmoja aliyekwenda mbali zaidi, na tutamfikia.

Anza na Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, mwalimu wa Königsberg ambaye maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake. Kabla yake wasomi walijenga hoja za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu: kila kitu kina chanzo, kwa hiyo lazima kiwepo chanzo cha kwanza. Mwaka 1781 Kant alitoa kitabu kikubwa kilichouliza jambo lililotangulia hilo: hii akili tunayothibitishia vitu imetengenezewa kazi gani?

Fikiria mizani ya kahawa pale chama cha msingi. Gunia likiwekwa, mshale unasogea na kila mtu anakubali kilo zilizoandikwa. Sasa mtu aweke juu yake shukrani aliyo nayo kwa mama yake. Mshale hausogei. Mmoja atasema, mnaona, shukrani haipo. Mwingine ataikandamiza mizani kwa kidole ili mshale usogee, athibitishe kwamba ipo. Kant angewaambia wote wawili kwamba kosa lao ni moja, wamekidai chombo kazi isiyo yake. Akili yetu inapima vitu vilivyo katika mahali na wakati. Mungu, kama yupo, si gunia la kuwekwa humo. Hivyo hoja za kuthibitisha zinaanguka, na hoja za kukanusha zinaanguka pamoja nazo. Katika utangulizi wa toleo la pili, 1787, aliandika kwamba ilimbidi aiondoe elimu ili imani ipate nafasi.

Kwa hiyo anayekuambia kwamba falsafa ilishathibitisha hakuna Mungu hajamsoma Kant, na anayekuambia kwamba Kant ni adui wa dini hajamsoma pia. Lakini alituachia deni. Kama Mungu hajulikani kwa namna tunavyojua vitu, basi tunaposema "Mungu" tunasema juu ya nini hasa?

Ludwig Feuerbach, mwanafalsafa mwingine Mjerumani, alijibu mwaka 1841 kwa ukali: tunasema juu yetu wenyewe. Mwanadamu huchukua yaliyo bora ndani yake, upendo, hekima na uwezo, anayatupa mbinguni, kisha anayapigia magoti. Hilo ni jibu la mkana Mungu, na Marx alilichukua na kuliendeleza. Lakini hata Karl Barth, mwanateolojia mkubwa wa karne ya 20 na mpinzani wa kila teolojia inayoanzia kwa mwanadamu, aliwahimiza wachungaji wamsome Feuerbach kwa makini. Mara ngapi mungu tunayemhubiri anachukia watu walewale tunaowachukia sisi?

Hegel, mwanafalsafa Mjerumani aliyemtangulia Feuerbach, alijibu kwa njia nyingine, na hapa ndipo wengi hushangaa. Sentensi "Mungu mwenyewe amekufa" haikutoka kwa mpagani. Iko katika wimbo wa kanisa wa Ijumaa Kuu, juu ya kuzikwa kwa Yesu, uliotungwa na mchungaji Mlutheri Johann Rist mwaka 1641. Wapo waliotishika na ubeti huo, na katika vitabu vya nyimbo vya baadaye ukabadilishwa kusema kwamba aliyekufa ni Mwana wa Mungu. Hegel, ambaye alisomea teolojia Tübingen, aliikumbuka sentensi hiyo katika maandishi yake ya 1802 na akairudia tena katika mihadhara yake juu ya dini. Kwake, Ijumaa Kuu ina maana kwamba Mungu habaki juu akitazama. Anaingia katika historia, anaingia mpaka kaburini, na anaishi kama Roho katika jumuiya ya watu. Unaweza kumkataa Hegel, na wengi walimkataa kwa sababu nzuri, lakini huwezi kusema sentensi hii ilivamia kanisa kutoka nje.

Sasa mwenye masharubu. Friedrich Nietzsche alizaliwa 1844 katika kijiji cha Röcken, si mbali na Leipzig, baba yake akiwa mchungaji wa Kilutheri. Alianza kusoma teolojia Bonn, akaiacha. Wasomaji wa Machame na Old Moshi watalitambua jina la Leipzig, kwa kuwa ndiko walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka huo Nietzsche alikuwa hai bado, amepoteza akili, anauguzwa na mama yake katika mji wa Naumburg, katika pande hizohizo za Ujerumani. Injili iliyofika Machame na sentensi inayotugombanisha leo zilitoka katika ujirani mmoja, wakati mmoja.

Aliandika nini? Katika kitabu chake cha 1882 anasimulia juu ya mwendawazimu aliyewasha taa asubuhi kweupe, akakimbilia sokoni akipiga kelele: namtafuta Mungu! Waliomzunguka walicheka. Wakamtania: kwani amepotea kama mtoto? Amejificha? Amesafiri? Ndipo akawakazia macho na kusema Mungu amekufa, na tuliomuua ni sisi, ninyi na mimi.

Watu wanaocheka pale sokoni, na Nietzsche mwenyewe anasema hivyo waziwazi, ni watu wasiomwamini Mungu. Mwendawazimu hawahubirii waumini. Anawakaripia wakana Mungu waliotulia, wanaodhani unaweza kumwondoa Mungu asubuhi na jioni ukaendelea kuwa na haki, ukweli, thamani ya mtu na wema, vilevile kama zamani. Anawauliza nani amewapa sifongo ya kufuta upeo wote wa macho, na dunia inaelekea wapi sasa baada ya kufunguliwa minyororo iliyoifunga kwenye jua lake. Wananyamaza. Anaitupa taa chini inavunjika, anasema amekuja mapema mno.

Kijana anayeituma sentensi hii kwa kujigamba, kwa hiyo, amesimama miongoni mwa wanaocheka. Na mama anayeikemea angeshangaa kujua kwamba Nietzsche alikuwa na hofu iliyo karibu na yake. Hakuwa rafiki wa Ukristo, tusimfanye mtakatifu. Aliushambulia kwa maneno makali mpaka akili ilipomtoka mwaka 1889. Lakini tangazo lake lilikuwa la daktari aliyesoma majibu ya vipimo vya Ulaya: imani mnayoitamka haibebi tena kitu chochote katika maisha yenu.

Ilibidi vita mbili za dunia zipite ndipo teolojia ilisikie hilo sawasawa. Paul Tillich alikuwa kasisi wa jeshi la Ujerumani katika vita ya kwanza, akawazika vijana kwenye mahandaki, na akatoka humo akijua kwamba Mungu mlinzi wa taifa alikuwa ameshindwa kusemeka. Baadaye, akiwa amefukuzwa kazi na Wanazi mwaka 1933 na kuhamia New York, alifundisha kwamba Mungu si kiumbe mmoja mkubwa kati ya viumbe vingine, bali ndiye msingi wa kuwapo kwenyewe. Watu waliona ni uzushi mpya. Lakini Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alishahubiri zaidi ya miaka 1,500 kabla yake kwamba ukimwelewa, basi huyo si Mungu.

Ninayemheshimu kuliko wote katika kisa hiki ni Dietrich Bonhoeffer. Mchungaji Mlutheri, alikamatwa Aprili 1943 kwa kupinga utawala wa Hitler, akafungwa gereza la Tegel, Berlin, na akanyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39. Kutoka gerezani alimwandikia rafiki yake barua ambazo bado zinatikisa. Kant alikuwa ameandika mwaka 1784 kwamba mwangaza wa akili ni mwanadamu kutoka katika utoto aliojitia mwenyewe. Bonhoeffer, miaka 160 baadaye, akalikubali hilo kama mchungaji: ulimwengu umekomaa, haumhitaji tena Mungu ili kueleza radi, ugonjwa au mavuno. Akauliza tufanye nini na Mungu tuliyemfanya kiraka, tunayemweka kila mahali elimu yetu inapokoma. Kila elimu inaposonga mbele hatua moja, Mungu wa kiraka anasogezwa nyuma hatua moja.

Jibu lake la Julai 1944 linasema kwamba mbele za Mungu na pamoja na Mungu tunaishi bila Mungu. Kwa haraka linasikika kama kitendawili. Anachomaanisha ni kwamba Mungu anakubali kusukumwa nje ya ulimwengu mpaka msalabani, na kwamba ni Mungu anayeteseka tu awezaye kusaidia. Dini humfundisha mtu kutafuta nguvu za Mungu zimwokoe na shida zake. Biblia, anasema, inamwelekeza kwenye udhaifu na mateso ya Mungu. Aliyaandika haya mtu aliyekuwa anasali kila siku, na aliyejua anaweza kuuawa.

Barua hizo zilichapishwa baada ya vita na zikawafikia watu wengi ambao Bonhoeffer mwenyewe huenda asingekubaliana nao. Mwaka 1963 John Robinson, askofu wa Kianglikana wa Woolwich, Uingereza, alizichanganya na mawazo ya Tillich katika kitabu kidogo kilichouzwa nakala zaidi ya milioni. Kisha Marekani ikalipuka. Tarehe 8 Aprili 1966 jarida la Time lilitoka na jalada jeusi lenye herufi nyekundu likiuliza kama Mungu amekufa. Ndipo jina la teolojia ya kifo cha Mungu lilipoingia midomoni mwa watu, na ndipo mkanganyiko wa leo ulipozaliwa, kwa kuwa magazeti yaliwaweka katika kapu moja watu wasiofanana.

Paul van Buren, padri wa Kiepiskopali, aliongozwa na wanafalsafa wa lugha wa Uingereza. Aliona neno "Mungu" halina tena kazi inayoeleweka katika usemi wa mtu wa kisasa, akajaribu kuieleza Injili kwa kumtazama Yesu na uhuru wake. William Hamilton alizungumzia hali ya mtu anayesubiri Mungu asiyeonekana, huku akimkuta Kristo kwa jirani anayeteseka. Msimamo wake ulimgharimu kiti chake cha ualimu. Richard Rubenstein alikuwa rabi wa Kiyahudi. Swali lake lilitoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na halikuwa la vitabu: baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa, nani bado anathubutu kufundisha kwamba historia yote inaendeshwa na Mungu wa agano, na kwamba mateso hayo ni sehemu ya mpango wake? Yeye alisema tunaishi katika wakati wa kifo cha Mungu. Hakudai kujua habari za Mungu mwenyewe.

Aliyedai ni Thomas Altizer, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Huyu ndiye niliyesema alikwenda mbali. Akiwa amemshika Hegel mkono mmoja na Nietzsche mkono mwingine, alisoma Wafilipi 2:7, kwamba Kristo "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa," akasema kujimwaga huko kulikuwa kwa kweli na kwa moja kwa moja. Mungu wa juu alijitoa wote katika Yesu, akafa pale Kalvari, na hakurudi juu. Kwa Altizer hiyo ndiyo habari njema yenyewe, Mungu yuko katika mwili wa dunia wala hakuna tena mbingu ya kukimbilia. Chuo, kilichofungamana na kanisa la Methodisti, kilishinikizwa kumfukuza, nacho kikakataa. Mimi naona Altizer anaukatiza msalaba kabla ya Jumapili ya Pasaka, na sioni jinsi anavyoweza kumsoma Paulo mpaka sura ya mwisho. Lakini hakuwa mdhihaki. Kazi yake nzima ni ya mtu aliyeshikwa na Kristo.

Siku hizi tawi hili linazungumza kwa sauti nyingine, iliyojifunza kwa Jacques Derrida, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa El Biar, Algeria, mwaka 1930, nchi ileile ya Augustino. John Caputo, Mmarekani mwenye malezi ya Kikatoliki, amemtumia kusema kwamba jina la Mungu linabeba mwito unaotudai haki, ukarimu na msamaha, bila jeshi nyuma yake la kutulazimisha. Andiko lake la msingi ni la Paulo: "udhaifu wa Mungu una nguvu zaidi ya wanadamu." Inanigusa, ila nafika mahali nakwama. Mama aliyekesha wodini KCMC na mtoto wake, ukimwambia Mungu ni mwito, atakuuliza mwito huo unamsikia? Kwa swali lake, namwona Bonhoeffer ana cha kumwambia kuliko Caputo.

Je, haya yote ni yetu? Wapo wanaosema ni ugonjwa wa Ulaya, wautibu wenyewe. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alionyesha kwamba kwa Mwafrika dini haikutengwa chumba chake pembeni. Imo shambani, kwenye ndoa, kwenye maziko. Ruwa wa Wachagga na Engai wa Wamaasai hawakufikiwa kwa hoja ya chanzo cha kwanza, hivyo Kant alipoiangusha hoja hiyo hakuwaangusha wao. Charles Nyamiti, padri na mwanateolojia Mtanzania, alianzia mahali pengine kabisa, akamweleza Kristo kama Mhenga wetu. Hoja hiyo naikubali kwa sehemu kubwa.

Ila mwaka uleule wa 1966 kuna jambo lilitokea mkoani Arusha. Vincent Donovan, padri Mmarekani aliyekuwa Loliondo, alimwomba askofu wake ruhusa ya kuacha shughuli za shule na zahanati, aende kwenye maboma kuzungumza na Wamaasai juu ya Mungu tu. Aliwaambia kwamba Mungu Mkuu si wa kabila moja, na kwamba wamemfungia katika ng'ombe wao na mvua yao. Anasimulia kwamba waliomsikiliza walimrudishia swali: na kabila lako, ninyi mmempata? Akafikiria vita ambazo Ulaya na Marekani zimepigana zikiwa na Mungu midomoni, akajibu hapana, hata sisi hatujampata, tumtafute pamoja. Aliyemleta hapo si Hegel wala Nietzsche. Swali liliulizwa bomani, na watu ambao hawakusoma jarida la Time, na ni lile nililoliita dogo: Mungu yupi?

Nalo ni letu leo. Tembea kutoka stendi ya Moshi hadi sokoni ukasome mabango ya mikutano: visa, ndoa, kazi, mtaji, adui kuanguka. Sisemi watu wasiombee shida zao. Yesu aliwaponya waliomlilia. Nasema kwamba Mungu anayetangazwa kwa orodha hiyo tu ni yule kiraka wa Bonhoeffer, na siku visa isipotoka atakufa moyoni mwa aliyemwamini, bila mwanafalsafa yeyote kuhusika. Vijana wengi wanaoacha imani Arusha na Moshi hawajasoma ukurasa mmoja wa Nietzsche.

Wazazi na wazee wa kanisa huuliza kama mtoto akienda kusoma teolojia, akakutana na majina haya darasani, atarudi bila imani. Wapo waliorudi bila, ingekuwa uongo kukana. Lakini van Buren, aliyehesabiwa kati ya wale wa 1966, alitumia miongo yake ya baadaye kuandika teolojia ya Kikristo iliyofikiriwa upya pamoja na Wayahudi, ambamo Mungu wa Israeli ndiye anayeongoza njia. Bonhoeffer alikwisha kuwasoma akina Kant, Hegel na Nietzsche vya kutosha kabla hajafungwa, na aliongoza ibada kwa wafungwa wenzake siku moja kabla ya kunyongwa.

Kwa anayetaka kusoma mwenyewe, ningemshauri aanze na barua za gerezani za Bonhoeffer, kwa kuwa hazihitaji elimu ya falsafa. Kisha asome kile kipande cha mwendawazimu cha Nietzsche, ni kurasa chache tu, asome chote mpaka taa inapovunjika. Mbiti amsome sambamba nao ili asisahau anasomea wapi. Altizer amwache mpaka awe amemwelewa Hegel kidogo, na amsome Wafilipi 2 ikiwa wazi mezani, sura nzima, maana mstari wa 9 unaanza na "kwa hiyo tena Mungu alimwadhimisha mno," na hapo ndipo mjadala naye unapoanza.